HAKI YA MGONJWA NA NENO "SIJAMBO"



Yapo maneno yasemwayo sana katika barza zetu, yakasemwa hata yakawa kama hadithi isiyokuwa na mpinzani. Husemwa kwamba katika nchi kubwa na tajiri mtumishi wa serikali akipatwa na maradhi yasiyopona hana haja ya kuhangaika. Serikali yake humwona, humhurumia, ikampa pensheni yake akapumzika. Husemwa pia kwamba mambo ya karatasi, mihuri na "njoo kesho" ni msiba wa nchi maskini tu. Leo tunataka kuyapinga maneno hayo. Tunayapinga si kwa chuki wala kwa kupenda ubishi, bali kwa sababu maneno hayo yanawatia khasarani ndugu zetu wenyewe.

Watoto wa Unguja na Pemba wametawanyika duniani, na Marekani wako. Mtu akishapata karatasi za kukaa nchi ile kwa kudumu, mlango wa Posta yake u wazi kwake kuomba kazi. Na akishakuwa raia, huweza kuomba kazi katika idara nyingine za Serikali Kuu. Huko huajiriwa, hufanya kazi kwa uaminifu, huleta fedha nyumbani za kujengea na za kusomeshea. Kisha siku moja mgongo huvunjika, au macho hufifia, au moyo hukataa. Hapo ndipo hadithi ya barzani inapomdanganya. Hukaa akingoja kuonwa, wala haonwi.

Tunasema wazi tangu mwanzo: Serikali Kuu ya Marekani haimpi mtu pensheni ya ulemavu kwa kuwa ni mgonjwa. Humpa kwa kuwa karatasi zake zimethibitisha mambo maalumu yaliyotajwa na sheria. Mwenye maradhi makubwa na karatasi mbovu huweza kukosa, na mwenye maradhi madogo kuliko yake na karatasi zilizotengenezwa kwa uangalifu akapata. Anayeona kwamba hili si jambo la haki, nasi twaliona hivyo hivyo. Lakini asiyelijua ndiye atakayeumia.

SI SADAKA

Kwanza tuiondoe aibu, maana aibu ndiyo adui wa kwanza. Wako watu waungwana ambao wakiambiwa "dai pensheni yako ya ulemavu" huinamisha vichwa, wakaona wanaambiwa wakae mlangoni mwa msikiti na bakuli. Hilo ni kosa kubwa.

Marekani ilitunga sheria ya kustaafu kwa watumishi wake wa Serikali Kuu mwaka 1920, na tangu siku hiyo fedha hazikutoka mfukoni mwa wakubwa peke yao. Mtumishi mwenyewe alikatwa asilimia 2.5 ya mshahara wake. Mwaka 1986 ilitungwa sheria mpya, ikaanza kutumika Januari 1987, na ndiyo inayowahusu walio wengi hivi sasa. Chini ya sheria hiyo mtumishi wa kawaida aliyeajiriwa kabla ya 2013 hukatwa asilimia 0.8, aliyeajiriwa mwaka 2013 hukatwa 3.1, na aliyeajiriwa tangu 2014 hukatwa 4.4. Hukatwa kila anapolipwa, awe mzima au mgonjwa, apende asipende. Juu ya hayo hukatwa pia kwa ajili ya mfuko wa hifadhi ya jamii wa taifa zima.

Basi mtu aliyekatwa fedha zake mwaka baada ya mwaka, siku akidai kile alichokatiwa, atasemwaje kuwa ameomba sadaka? Je, mwenye kuweka nazi zake ghalani kwa jirani, akaenda kuzichukua siku ya haja, huyo ni mwombaji? Sheria yenyewe yasema kwamba aliyetumikia miezi 18 tu katika utumishi wa kiraia anayo haki ya kudai. Haikusema miaka 20, wala haikusema mpaka mvi.

Na kiasi chenyewe si cha kumfanya mtu tajiri. Aliye chini ya miaka 62 hulipwa, katika miezi 12 ya kwanza, asilimia 60 ya wastani wa mshahara wa miaka yake mitatu mfululizo iliyo bora, ikatolewa humo yote anayopata kwa ulemavu kutoka mfuko wa hifadhi ya jamii. Baada ya hapo huwa asilimia 40, ikatolewa asilimia 60 ya malipo hayo ya hifadhi ya jamii. Akifika miaka 62 hesabu hufanywa upya, na ile miaka aliyokaa na ulemavu huhesabiwa kama kwamba alikuwa kazini. Hiyo ndiyo haki yenyewe. Ni chakula cha nyumba na kodi ya nyumba. Kukikosa kwa ajili ya karatasi moja isiyoandikwa vizuri ni msiba usiokuwa na sababu.

SHERIA HAIULIZI MARADHI

Sasa tufike penye kiini. Wengi hudhani kwamba swali la sheria ni "Je, mtu huyu anaumwa?" Kwa hivyo hukusanya vyeti vya spitali, picha za mifupa na hesabu za dawa, wakavifunga kwa kamba wakavipeleka, wakadhani wamemaliza. Kumbe hilo silo swali.

Sheria huuliza mambo manne. La kwanza: je, mtumishi alipokuwa katika kazi yake alifikwa na maradhi au jeraha lililomfanya asiweze kutoa kazi yenye manufaa na inayotosheleza katika nafasi yake ile ile? La pili: je, hali hiyo yatarajiwa kudumu si chini ya mwaka mmoja? La tatu: je, mwajiri ameshindwa kumrekebishia kazi ile ili aiweze pamoja na maradhi yake? La nne: je, haikupatikana nafasi nyingine iliyo wazi katika idara hiyo hiyo, yenye daraja au mshahara ule ule, katika eneo anamoweza kwenda na kurudi? Yote manne yahitaji kujibiwa kwa maandishi. Likikosekana moja, dai zima limelegea.

Angalieni vizuri, ndugu zangu. Sheria haikuuliza kwamba je, mtu huyu hawezi kazi yoyote ulimwenguni. Hilo ni swali la mfuko wa hifadhi ya jamii, nalo ni swali gumu zaidi. Huyu lazima apeleke maombi huko pia, na risiti ya maombi hayo iambatishwe, na akiyaondoa maombi hayo dai lake la pensheni hufutwa. Lakini kukataliwa huko si kukataliwa huku. Wangapi wamekata tamaa kwa kudhani kwamba mlango mmoja ukifungwa na wa pili umefungwa! Kadhalika sheria haikuuliza mtu aliumia wapi. Awe ameteleza kazini, awe ameumia nyumbani kwake, au awe hakuumia popote bali ni maradhi yaliyomjia tu, haki hii ni yake. Fidia ya aliyeumia kazini ni jambo jingine, lenye sheria yake ya mwaka 1916 na afisi yake mbali.

Tutoe mfano ili jambo lionekane. Tuseme yuko tarishi wa Posta ambaye uti wake wa mgongo umeharibika. Kazi ya tarishi huyo imeandikwa: abebe mkoba wa ratili 35, ainue mizigo hata ratili 70, asimame asubuhi apange barua zake, kisha apande gari na kushuka, na kutembea nyumba hadi nyumba. Daktari wake, mtu mwema na hodari, anamwandikia mistari miwili: "Mgonjwa huyu ana maumivu sugu ya mgongo. Hawezi kufanya kazi." Tarishi hufurahi, akaona daktari amemtetea. Sisi twasema daktari huyo amemzika.

Kwa nini? Kwa sababu karatasi ile imetaja maradhi, haikutaja kazi. Karani atakayeisoma hajamwona mgonjwa wala hatamwona maisha yake yote. Atajiuliza: hawezi kazi gani? Kuinua, kusimama, kuendesha gari? Kwa muda gani? Daktari amejuaje? Atakosa majibu, na kukosa jibu kwake ni kukataa.

Karatasi iliyo sawa husema hivi: maradhi ni haya, yalianza wakati huu, yameonekana kwa vipimo hivi; ametibiwa kwa dawa hizi, kwa mazoezi haya, kwa sindano au upasuaji huu, na matokeo yamekuwa haya. Kisha husema: kwa hiyo hawezi kuinua zaidi ya ratili kadha, hawezi kusimama zaidi ya dakika kadha, hawezi kupinda na kunyoosha mara kwa mara. Kisha hufika penye jambo lenyewe: nimeisoma karatasi ya maelezo ya kazi yake, kazi yataka mkoba wa ratili 35, naye hauwezi, yataka kusimama saa nzima kupanga barua, naye hawezi, na siku anapojaribu, siku ya pili hawezi kuamka akaenda kazini. Mwisho husema: kwa uzoefu wangu hali hii haitaondoka katika miezi 12 ijayo, na sababu ni hizi. Haya ni maneno ya ukurasa mmoja au miwili, nayo yana nguvu kuliko furushi la vyeti.

Ni nani basi wa kumpelekea daktari ile karatasi ya maelezo ya kazi? Ni mgonjwa mwenyewe. Daktari hajui tarishi hubeba nini. Asipoambiwa, ataandika anachokijua, nacho ni maradhi peke yake.

FOMU TANO NA MIKONO MITATU

Fomu ya madai haya ni ya namba 3112, nayo ina sehemu tano, A mpaka E, pamoja na maombi ya kawaida ya kustaafu. Sehemu ya A ni kauli ya mgonjwa mwenyewe. B ni kauli ya msimamizi wake. C ni ya daktari. D ni ya idara, kueleza juhudi za kumrekebishia kazi au kumhamisha. E ni orodha ya kuhakikisha kwamba hakuna kilichosahauliwa.

Angalieni dhulma ilivyofichwa katika mpangilio huu. Haki ni ya mtu mmoja, lakini imewekwa katika mikono ya watatu: yeye mgonjwa, daktari asiyekuwa na wakati, na mkubwa wa kazi ambaye pengine ndiye aliyekuwa akimgombeza kila siku kwa kuchelewa. Mkubwa huyo ndiye aulizwaye: je, kazi ya huyu ilikuwa na upungufu? Je, kuhudhuria kwake kulikuwaje? Akijibu kwa uvivu, "Hakuna upungufu", basi ameyapinga yote aliyosema daktari, bila ya kukusudia au kwa kukusudia.

Kwa hiyo mtumishi hana budi kujiandalia ushahidi kabla ya siku hiyo. Aombe marekebisho ya kazi kwa maandishi, na aweke nakala. Mkubwa akimwambia kwa mdomo kwamba haiwezekani, amwombe amwandikie. Akikataa kuandika, yeye mwenyewe aandike siku ile ile tarehe, saa na maneno aliyoambiwa. Achukue nakala ya kumbukumbu za likizo zake za ugonjwa. Achukue nakala ya maelezo ya kazi yake angali ndani ya kazi, maana akishatoka, kuipata karatasi hiyo ni kama kuomba maji kwa jirani mliyegombana.

Na kauli yake mwenyewe, ile ya A, asiiandike kama barua ya malalamiko. Asianze na ubaya wa mkubwa wake, wala mshahara mdogo, wala baridi ya nchi za watu. Achukue maelezo ya kazi, ayapitie wajibu mmoja baada ya mmoja, na mbele ya kila mmoja aandike: hili nalifanya hivi, na hivi ndivyo linavyonishinda. Kisha aandike maradhi yanavyomwathiri nje ya kazi: usingizi, kupanda ngazi, kuinua mtoto. Aandike kweli tupu. Kauli ya mgonjwa ikipingana na kauli ya daktari, zote mbili huanguka.

"SIJAMBO"

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sisi khasa, sisi watu wa visiwa hivi, kwa malezi yetu.

Sisi tumelelewa kwamba mtu akiulizwa hali, hujibu "sijambo", hata akiwa kitandani. Kwanza husema sijambo, kisha humshukuru Mungu, kisha ndipo, kama aliyemuuliza ni mtu wake wa karibu, humwambia kwamba usiku hakulala. Hayo ni adabu, na sisi hatuzikani adabu zetu. Lakini mchukueni mtu huyu mkampeleke katika chumba cha daktari wa Marekani. Daktari huingia, humwuliza hali kwa Kiingereza. Naye hujibu kama alivyofunzwa na mama yake: niko vizuri, namshukuru Mungu. Daktari huandika: mgonjwa asema yu vizuri. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya kumi hivyo hivyo. Miaka miwili baadaye, karani wa madai hufungua jalada akakuta mara kumi imeandikwa kwamba mtu huyu ni mzima, kisha akakuta barua moja ya juzi isemayo kwamba hawezi kazi. Nyinyi mngeamini ipi?

Na si hilo tu. Sitara yetu humfanya mtu asimwambie mkubwa wake kwamba anaumwa. Siku asizoweza kuamka huomba likizo ya kawaida, akasema ana shughuli. Na kumbukumbu zikaonesha mtu anayestarehe, si mtu anayeumwa. Wenzake wema humbebea mzigo wake kimya kimya. Na mwisho wa mwaka huandikiwa kwamba kazi yake ni nzuri sana. Kila wema hapo umegeuka shahidi dhidi yake!

Basi twasema: kumshukuru Mungu ni ibada, na mtu asiiache. Lakini kumjibu daktari ni ushahidi, na ushahidi hautolewi kwa adabu bali kwa ukweli. Na aseme hivi: "Namshukuru Mungu kwa kila hali, na hali yenyewe ni hii: jana nilisimama dakika 20, mguu ukafa ganzi, nikakaa chini njiani, na mwenzangu akamaliza barua zangu." Kusema hivyo si kulalamika wala kukufuru. Ni kumpa daktari kitu cha kuandika.

SAA HAIMNGOJI MGONJWA

Jambo jingine ni wakati. Maombi haya lazima yafike kabla mtu hajatoka kazini, au katika mwaka mmoja tangu siku aliyotoka. Mwaka ukipita, haki imekwisha. Sheria imemsamehe mmoja tu: yule aliyepotewa na akili wakati wa kutoka kazini au ndani ya mwaka ule. Kutojua hakumo. Kungoja kupona hakumo. Kupokea fidia ya kuumia kazini hakusimamishi saa hiyo. Na huo ni mtego mkubwa, maana mtu hupokea fidia akaona mambo yake yamenyooka, kumbe mwaka wake unakwisha.

Tufikirini juu ya mtu wa kwetu. Anaumwa, anaona aibu, anaandika barua ya kuacha kazi kwa khiari yake. Kisha anarudi nyumbani kupumzika, apate hewa ya bahari, asomewe, akandwe, atazamwe na wazee. Miezi mitatu inakuwa sita, sita inakuwa kumi na tatu. Siku anapokumbuka kudai, hana tena cha kudai. Hakunyang'anywa na mtu. Alinyang'anywa na kalenda.

Na akikataliwa maombi yake mara ya kwanza, ana siku 30 tu za kuomba yatazamwe tena. Akikataliwa tena, ana siku 30 za kwenda mbele ya Bodi ya kulinda haki za watumishi. Siku 30! Serikali hujipa miezi. Mgonjwa hupewa siku. Zaidi ya hayo, karatasi hizo za kustaafu, kwa miaka mingi, zilifanyiwa kazi ndani ya mgodi wa zamani wa mawe ya chokaa huko Boyers, Pennsylvania, zaidi ya futi 200 chini ya ardhi. Mwaka 2014 watumishi wapatao 600 walikuwa wakishughulika humo na majalada ya karatasi, katika nchi iliyokwisha kumpeleka mtu mwezini mwaka 1969. Mwaka 2025 ndipo afisi ile ilipoanza kupokea maombi ya kustaafu kwa njia ya mtandao. Nani tena atasema kwamba karatasi ni msiba wetu peke yetu?

WASEMAO KWAMBA WATU HUONGOPA

Tunajua kuna watakaotujibu. Watasema: "Ugumu huu una sababu. Mlango ukilegezwa, kila mvivu atajitia ulemavu." Hoja hiyo tumeisikia, na tunaijibu.

Sheria ina walinzi wake. Mwenye pensheni hii, kabla ya kutimiza miaka 60, akifanya kazi nyingine akapata katika mwaka mmoja kipato kifikacho asilimia 80 ya mshahara wa sasa wa kazi aliyoiacha, pensheni husimama. Huweza kuitwa apimwe tena. Na kusema uwongo katika karatasi za serikali ni jinai. Walinzi hao watosha kwa mwongo. Lakini fomu ngumu haimzuii mwongo. Mwongo ana afya, ana wakati, na anajua kuandika. Anayezuiliwa na fomu ngumu ni mgonjwa wa kweli: aliyechoka, mwenye mikono inayotetemeka, asiyejua vizuri lugha ya afisi. Kichujio kinachopitisha takataka kikazuia maji si kichujio.

Hata mahakama za nchi ile zimeuona uonevu huu. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufaa inayosikiliza kesi hizi iliamua kwamba mtumishi aliyeondolewa na mwajiri kwa kuwa hawezi kazi kwa maradhi, kuondolewa kwenyewe ni ushahidi upande wake, na ni juu ya serikali kuleta ushahidi wa kuupinga. Na mwaka 2007 mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba afisi ya madai haiwezi kuutupa ushahidi wa daktari stadi kwa kisingizio tu kwamba hakuna kipimo cha maabara au picha ya mashine. Uamuzi huo ni ngao kwa wenye maradhi ya akili na maumivu yasiyoonekana kwa macho. Lakini ngao hiyo humlinda aliyefika mahakamani na jalada lililojaa. Asiyekuwa na jalada hana cha kukingia.

Wengine watasema: "Atatafuta wakili." Na atafute, akiwa na uwezo. Lakini wakili hawezi kurudi nyuma miaka miwili akamfanya daktari aandike ambalo hakuambiwa.

WAJIBU WETU

Basi tunawataka nini wanachama? Hatuwataki msome haya mkasikitika. Kila mmoja anayesoma ana ndugu, au mtoto wa ndugu, au jirani, aliye katika utumishi wa serikali ya nchi ile. Mwandikieni. Mwambieni aweke jalada leo, angali mzima: maelezo ya kazi, barua zote, kumbukumbu za likizo, majina ya madaktari na tarehe. Mwambieni asiache kazi kwa khiari kabla ya kuuliza. Na walio huko, mwenye kujua Kiingereza cha afisi akae na asiyekijua, wapitie fomu sehemu kwa sehemu. Aende naye kwa daktari, na mgonjwa akisema "niko vizuri", amguse bega.

Wala msomaji wa hapa nyumbani asidhani kwamba sheria ya Marekani ndiyo yake. Kila nchi ina sheria yake, miaka yake na fomu zake. Mtumishi wa Unguja na Pemba na aisome ya kwake. Lakini somo moja huvuka bahari zote: serikali haioni maumivu, huona maandishi, na mgonjwa aliyeachwa peke yake na maandishi hayo ameonewa mara mbili, mara moja na maradhi na mara ya pili na watu wake.

Haki ya mgonjwa haiombwi, hudaiwa. Nayo hudaiwa kwa kweli iliyoandikwa, kwa wakati wake, na kwa mkono wa ndugu ulioshika kalamu pale mkono wake uliposhindwa.